KISA NA SHAURI: HISTORIA YA VIKUNDI VYA KUSOMEA KATIKA SHULE ZA BIASHARA

Mtu ye yote apitaye katika viwanja vya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakati wa alasiri huona chini ya miti meza za saruji zilizozungukwa na mabenchi ya saruji, na katika mabenchi hayo wanafunzi watano au sita walioinamia karatasi moja. Meza hizo huitwa vimbweta. Jina hilo halikutungwa na kamati yo yote ya istilahi. Lilienea vinywani mwa wanafunzi wenyewe, nalo limekwisha kuvuka mipaka ya chuo kile na kufika katika vyuo vingine. Wakaao hapo hujiita kikundi, na kazi yao ni kusoma pamoja: mmoja husoma kwa sauti, wa pili huuliza, wa tatu hukanusha, wa nne huandika, na wa tano, kama ilivyo desturi ya wanadamu, husinzia.

Katika makala haya nakusudia kueleza historia ya desturi hiyo katika aina moja ya shule, yaani shule kuu za biashara, ambako imekuwa zaidi ya desturi. Imekuwa sehemu ya mafundisho yenyewe. Nitaeleza ilikoanza, sababu zilizoizaa, na namna ilivyofika kwetu. Mwishoni nitauliza swali linalotuhusu sisi tunaochunguza lugha: kikundi kinaposoma, kinasoma kwa lugha gani? Naona kwamba swali hilo ndilo kiini cha habari nzima, ijapokuwa wenye kuandika juu ya elimu ya biashara hawaliulizi mara kwa mara.

Yafaa kwanza tuondoe dhana kwamba kusoma kwa kukaa duara ni jambo lililoletwa na shule za biashara. Katika mwambao wetu darasa za msikitini zilikuwapo karne nyingi kabla ya shule hizo. Mwalimu huketi, wanafunzi humzunguka, kitabu husomwa na kufasiriwa neno kwa neno. Na ijapokuwa kitabu ni cha Kiarabu, maelezo yake aghalabu hutolewa kwa Kiswahili ili kila aliyepo afahamu. Msikiti wa Riyadha wa Lamu, ulioanzishwa na Habib Swaleh wakati wa kuingia karne ya 20, umejulikana mbali kwa darasa za namna hiyo. Lakini ipo tofauti moja kubwa. Katika duara la msikitini yupo mtu wa katikati ambaye anajua, na wengine wamekuja kupokea kwake. Katika kikundi cha shule ya biashara hapana mtu wa katikati. Wote wamepewa jambo lile lile, wote hawalijui, na jibu lake halimo katika kitabu.

Chimbuko la jambo hilo limo katika elimu ya sheria. Mwaka 1870 Christopher Columbus Langdell aliteuliwa kuwa mkuu wa shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha Harvard, nchini Marekani. Kabla yake desturi ilikuwa mwalimu kusoma kanuni na wanafunzi kuzikariri. Langdell aliacha kuwahutubia wanafunzi wake juu ya kanuni za mikataba. Badala yake aliwapa hukumu za mahakama wazisome wenyewe, kisha darasani akawauliza. Mambo yalikuwaje? Mdai alisema nini? Mdaiwa naye alijibu nini? Hakimu aliamuaje, na kwa sababu gani? Wanafunzi wengi walichukia wakaacha kuhudhuria, maana walikuwa wamelipa ili waambiwe, si ili waulizwe. Waliobaki waligundua upesi kwamba mtu hawezi kujiandaa peke yake kwa maswali ya namna ile. Akitaka kujua udhaifu wa hoja yake, lazima ampate mwenzake wa kuipinga kabla hajaipinga mwalimu mbele ya watu.

Hapa Kiswahili kina jambo la kutufunza. Neno letu *shauri* ni daawa ipelekwayo mahakamani. Ni jambo lo lote linalongoja uamuzi. Ni rai anayopewa mtu na mwenzake. Na kutokana nalo twapata *kushauriana*. Maana hizo zote zimekaa katika neno moja bila kugombana. Nikisema kwamba shauri la mahakama liligeuka kuwa shauri la wanafunzi, nimeieleza nusu ya historia hii kwa neno moja.

Shule ya biashara ya Harvard ilifunguliwa mwaka 1908. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Edwin Gay, mwanahistoria wa uchumi aliyepata elimu yake ya juu Ujerumani. Taabu yake ilikuwa kubwa kuliko ya Langdell. Sheria ilikuwa na hukumu zilizochapishwa kwa mamia ya miaka; biashara haikuwa na kitu cha namna hiyo. Mfanyabiashara haandiki sababu za maamuzi yake, na mara nyingine hataki mtu azijue. Gay alitamani mafundisho yafuate njia ya shule ya sheria, lakini hakuwa na mashauri ya kuwapa wanafunzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1910 Arch Shaw, mchapishaji wa majarida kutoka Chicago, alijaribu dawa moja: aliwaita wafanyabiashara waje darasani wenyewe. Siku ya kwanza mgeni alieleza tatizo lililomkabili katika kazi yake na kujibu maswali. Mara ya pili kila mwanafunzi alileta maandishi ya namna angelitatua. Mara ya tatu mgeni alirudi akazungumza nao juu ya yale waliyoandika. Dawa ilifaa, lakini ilimtegemea mgeni aje.

Aliyepata njia ya kudumu ni Wallace Donham, aliyeshika ukuu wa shule hiyo mwaka 1919. Yeye alikuwa amesoma sheria katika shule ile ile ya Langdell, kisha akafanya kazi katika benki. Kwa hiyo aliifahamu njia ya mashauri kwa kuipitia, na aliufahamu ulimwengu wa biashara kwa kuishi ndani yake. Alimkuta Melvin Copeland akiandika kitabu cha kawaida juu ya masoko, akamshawishi ageuze nia akusanye matatizo ya kweli ya wafanyabiashara badala ya kanuni. Kitabu hicho kilitoka mwaka 1920. Donham akatafuta fedha, akatuma watu waende viwandani na madukani kuuliza na kuandika. Kisa kimoja cha mwaka 1921, ambacho mara nyingi hutajwa kuwa cha kwanza cha namna hiyo, kilihusu kiwanda cha viatu ambacho wafanyakazi wake walikuwa wakiacha kazi kabla ya saa ya kufunga. Kilikuwa kifupi sana, na wala hakikusema nani ana makosa. Kiliuliza tu: utafanya nini? Hata kufika katikati ya miaka ya 1920 njia hiyo ilikuwa imeenea katika masomo mengi ya shule ile.

Maandishi ya namna hiyo nayaita *visa*, nami sijabuni neno. Kisa katika lugha yetu ni habari isimuliwayo, lakini vile vile ni sababu, maana mtu huulizwa "kisa cha nini?" na mwenye kutaka undani hutaka kujua "kisa na mkasa". Kisa cha shule ya biashara ni yote mawili. Ni habari yenye watu, tarehe, barua na hesabu, kurasa kumi au ishirini. Tena ni sababu ambayo msomaji lazima aitafute mwenyewe. Habari hukatika mahali ambapo mkuu wa kampuni anatakiwa kuamua. Mwanafunzi hufunga karatasi, na uamuzi umebaki mikononi mwake.

Sasa tutazame hesabu ya kazi yenyewe, maana humo ndimo kilimozaliwa kikundi. Mwanafunzi hupewa visa viwili au vitatu kwa siku moja. Kila kimoja kina hesabu za fedha, kina habari za mitambo, kina tabia za watu, na kina soko ambalo huenda hajapata kulisikia. Aliyekuwa karani wa hesabu atazifahamu hesabu lakini hatajua kwa nini mashine imesimama. Aliyefanya kazi kiwandani atajua mashine lakini mizania itamshinda. Aliyekuwa mchuuzi atacheka akiona bei iliyopangwa, kwa kuwa anajua mnunuzi hatailipa. Kidole kimoja hakivunji chawa. Hapana mtu aliyewaamuru wakutane; kisa chenyewe kiliwaamuru. Tangu hapo ikawa desturi ya hatua tatu: mtu husoma peke yake usiku, asubuhi hukutana na wenzake wachache wakajaribu hoja zao, kisha wote huingia katika darasa kubwa, ambalo siku hizi huwa na watu wapatao 90, na huko hoja iliyopona katika kikundi hujaribiwa mara ya mwisho. Katika hatua ya kwanza mtu hujua anavyofikiri, katika ya pili hujua alichosahau, na katika ya tatu hujua kama aweza kusimama akaitetea rai yake.

Majengo nayo yalichangia. Zamani wanafunzi wa shule hiyo walitawanyika mjini wakipanga vyumba huku na huku. Mwaka 1924 George F. Baker, tajiri wa benki wa New York, alitoa dola milioni 5, na mwaka 1927 majengo mapya yalifunguliwa ng'ambo ya Mto Charles, upande wa Boston, yakiwa na mabweni. Katika mabweni hayo vyumba vichache vilishirikiana msala mmoja, na wanafunzi wa vyumba hivyo wakawa ndio kikundi cha kusomea. Kikundi hicho kikaitwa kwa jina la msala, kwa neno la mtaani ambalo Mmarekani mwenye adabu asingelitamka mezani. Waliosoma huko katika miaka ile walilitumia jina hilo bila haya. Naileta habari hii kwa sababu ya lugha: taasisi yenye fahari kubwa ilipopata chombo chake bora cha kufundishia, jina la chombo hicho lilitoka chooni, si ofisini. Vimbweta vyetu, basi, visione haya.

Tena palikuwa na kazi ya maandishi, uchambuzi wa kisa ulioandikwa, ambao ulitakiwa kutumbukizwa mahali maalumu kabla ya saa iliyowekwa usiku wa Jumamosi. Aliyechelewa hata kidogo alikuwa amechelewa. Wazee waliosoma wakati huo husimulia mbio za Jumamosi kama wengine wanavyosimulia vita. Nadhani saa ile ngumu ndiyo iliyogeuza majirani wa chumba kuwa ndugu.

Mtu aliyeieleza siri ya jambo hili vizuri kupita wote ni Charles Gragg, katika makala aliyoichapisha mwaka 1940 ambayo jina lake lamaanisha kwamba hekima haiwezi kuambiwa mtu. Gragg aeleza hatua tatu anazopitia mwanafunzi. Kwanza hugundua, kwa uchungu, kwamba hawezi kufikiri peke yake yote ambayo wenzake wanaweza kuyafikiri. Pili hujifunza kupokea msaada wao bila kuona haya. Tatu, na hiyo ndiyo ya mwisho, hutambua kwamba hata mwalimu si lazima awe na jibu lililo bora. Wasomaji watatambua kwamba hatua ya tatu ndiyo ngumu, kwa mwanafunzi na kwa mwalimu pia. Katika nchi zetu, ambako mkubwa hakosolewi mbele za watu, hatua hiyo haifikiwi darasani. Hufikiwa kwenye kikundi, mahali ambapo mwalimu hayupo.

Lakini haifai kukisifu kikundi kuliko kinavyostahili. Kikundi kinachotokana na mlango wa chumba humwacha nje asiyekuwa na mlango. Kwa miaka 55 shule hiyo haikupokea wanawake katika masomo yake kamili ya miaka miwili. Nane wa kwanza waliingia mwaka 1963. Hata katika siku zetu, vikundi vikiachwa vijichague vyenyewe, mtu humtafuta afananaye naye, na wanaofanana husahau mambo yale yale. Tena wapo wategeaji. Po pote panapotolewa alama moja kwa kazi ya watu sita, wawili hufanya kazi na wanne hutia sahihi. Na lipo jambo la tatu, ambalo ni baya kuliko hayo: kikundi kinaweza kukubaliana upesi mno, ili kipate kwenda kulala. Penye wengi pana mengi, lakini wengi hao wakisema neno moja, pamebaki neno moja.

Dawa ya kasoro ya kwanza ilitafutwa Ulaya. Mwaka 1957 Georges Doriot, Mfaransa wa kuzaliwa aliyekuwa mwalimu wa Harvard kwa muda mrefu na jenerali katika jeshi la Marekani, aliongoza kuanzishwa kwa shule ya biashara ya INSEAD nchini Ufaransa. Wanafunzi wa kwanza walianza mwaka 1959 katika jumba la kifalme la Fontainebleau. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha miaka 14 tu iliyopita. Vijana ambao baba zao walikuwa wamepigana walikuja kusoma katika nyumba moja, na desturi ya shule ikawa kupanga vikundi kwa kuchanganya mataifa makusudi, wala si kuwaachia wanafunzi wachaguane. Shule ilidai pia kila mmoja ajue Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani. Wachache wamelitia maanani sharti hilo la lugha, lakini mimi naliona kuwa ndiyo hekima kubwa ya Fontainebleau. Waanzilishi walifahamu kwamba kukalisha watu meza moja hakutoshi. Mtu asiyeweza kukanusha kwa lugha inayosemwa mezani hayumo katika kikundi, ingawa kiti chake kimejaa.

Njia ya visa ikaenea pande nyingine. Barcelona ilipata shule ya IESE mwaka 1958, nayo mwaka 1964 ilianza masomo ya miaka miwili kwa msaada wa Harvard. Ahmedabad, katika Bara Hindi, ilipata taasisi yake mwaka 1961 kwa ushirikiano na shule hiyo hiyo. Kutoka Barcelona mkono ulifika Afrika Mashariki, maana Shule ya Biashara ya Strathmore ilipoanza Nairobi mwaka 2005, IESE iliiunga mkono, na visa vikawa msingi wa mafundisho yake. Huo ndio ukoo wa kwanza wa kikundi chetu.

Ukoo wa pili ni wa watu wasiokuwa na mali. Mwaka 1902, katika mji wa Lund nchini Uswidi, Oscar Olsson alianzisha duara za kusomea kwa watu wa chama cha kupinga ulevi: wafanyakazi wachache, vitabu vichache, nyumba ya mmoja wao, wala hapana mwalimu. Vyama vya wafanyakazi na vya ushirika viliichukua njia hiyo, na baada ya Uhuru wataalamu wa ushirika kutoka nchi za kaskazini ya Ulaya walikuja nayo Tanzania. Chuo cha Ushirika kilifunguliwa Moshi mwaka 1963, katika nchi ya wakulima wa kahawa waliokuwa na umoja wao, KNCU, tangu mwaka 1933. Makarani na wanakamati wa vyama walihitaji kujua mizania, akiba na mikopo, yaani biashara hasa. Nao walikusanyika vijijini kusoma kwa vikundi, vijitabu vikiwa mkononi na redio ikiwa katikati. Njia hiyo ilipanuliwa na Serikali, hata mwaka 1973 kampeni ya *Mtu ni Afya* ikawakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana. Yote hayo yalifanyika kwa Kiswahili, na hapana aliyesema kwamba Kiswahili hakitoshi.

Sasa tazama tofauti ya koo hizo mbili zinapokutana. Chuo cha Elimu ya Biashara kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1965; Chuo cha Uongozi wa Maendeleo cha Mzumbe mwaka 1972; na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipata kitivo chake cha biashara mwaka 1979. Katika vyuo hivyo mhadhara ni wa Kiingereza na mtihani ni wa Kiingereza. Mkulima wa kahawa alisoma mizania kwa Kiswahili. Mtoto wake aliyekwenda chuo alisoma mizania ile ile kwa Kiingereza. Lakini katikati ya mhadhara na mtihani kipo kimbweta.

Jioni moja nilikaa karibu na kikundi cha wanafunzi wa biashara, nikaomba ruhusa ya kusikiliza. Walikuwa wakitafuta idadi ya bidhaa ambayo mwenye kampuni lazima aiuze ili asipate faida wala hasara. Karatasi yao ilikuwa ya Kiingereza, na kwa muda wa robo saa waliyasoma maneno yake kwa sauti, wakiyarudia kama watu wanaotafuta ufunguo gizani. Kisha binti mmoja akasema, "Jamani, tumchukue mama lishe." Kodi ya banda lake ni shilingi 100,000 kwa mwezi, na msaidizi wake hulipwa 200,000. Hizo zimesimama, auze asiuze, zitalipwa. Sahani ya wali huiuza 2,500, na mchele, maharage, mafuta na mkaa wa sahani hiyo ni 1,700. Kila sahani humwachia 800. Basi 300,000 gawa kwa 800, jibu ni sahani 375. Na kama hufanya kazi siku 25, ni sahani 15 kwa siku. "Sahani ya kumi na sita," akasema, "ndiyo ya kwake."

Hapo kijana mmoja ambaye hakuwa amefungua kinywa tangu mwanzo aliinua kichwa. "Lakini," akasema, "mama yangu anapika. Msaidizi halipwi kwa mwezi. Analipwa kwa siku. Siku ya mvua haji, wala hapati kitu. Sasa hela yake imesimama au inatembea?" Kikundi kikanyamaza. Lilikuwa swali bora kuliko yote yaliyokuwa katika karatasi ile, maana mizania nyingi za kweli huvunjikia hapo hapo, katika gharama ambayo nusu yake imesimama na nusu yake inatembea. Walibishana hata taa zikawaka. Nilipoondoka niliandika katika daftari langu maneno mawili, *iliyosimama* na *inayotembea*. Nayo, kwa maoni yangu, si duni kuliko istilahi yo yote iliyotafsiriwa mezani.

Nakiri kwamba kijana yule alinigusa kwa sababu ya mambo yangu mwenyewe. Nilipokuwa nikisoma shahada yangu ya udaktari ng'ambo, nilitiwa katika kikundi cha watu watano. Lugha yao niliijua vizuri kwa kuandika. Lakini katika mabishano ya haraka, nilipokuwa nimekwisha kuliunda jibu langu, wao walikuwa wamekwisha kuhamia jambo jingine. Kwa muda wa miezi mitatu walinihesabu kuwa mtu mpole asiyekuwa na rai. Sikuwa mpole. Nilikuwa nimechelewa kila mara kwa sentensi moja. Tangu hapo nimeamini kwamba ukimya wa mwanafunzi si dalili ya kutojua, na mwalimu asiyelifahamu hilo atawapa alama wenye ndimi nyepesi akidhani anawapa wenye akili.

Historia niliyoieleza inaelekea upande mmoja. Njia ya visa ilimzaa kikundi kwa sababu mtu mmoja hawezi kufikiri yote. Na kikundi hufaa kwa kadiri kila aliyemo anavyoweza kusema alijualo wakati linapohitajika. Shule ya Fontainebleau ilipata hilo kwa kudai lugha tatu. Vikundi vya Moshi na vya *Mtu ni Afya* vililipata kwa kutumia lugha moja ya wote. Vyuo vyetu vya biashara vinalipata kwa siri, chini ya miti, kwa lugha ambayo haimo katika mtaala. Na kesho yake mwanafunzi huifunga akili yake upya katika maneno ya Kiingereza ili aipeleke kwenye mtihani. Baadhi hufika salama. Wengine huliacha swali lao bora kwenye kimbweta, kama yule kijana ambaye sina hakika kwamba mtihani ulimpa nafasi ya kumtaja mama yake.

Sisemi Kiingereza kiondolewe. Biashara ya dunia ina lugha zake, na mfanyabiashara wa mwambao tangu zamani alijua zaidi ya lugha moja. Ndiyo sababu tuna hundi, bima, rehani, hawala na daftari, maneno yaliyotufikia pamoja na upepo wa kaskazi. Tena tunayo yetu: mcheza bao huita *mtaji* lile tendo la kula kete za mwenzake, na mwenye duka huita mtaji fedha za kuanzia. Lugha yenye neno kama hilo haikosi fikira za kibiashara. Ninalosema ni kwamba visa viandikwe pia kwa Kiswahili, juu ya mama lishe, mwenye daladala, chama cha kahawa na mvuvi wa Kilwa. Na kwamba kikundi kiruhusiwe kuleta shauri lake mbele ya mwalimu kwa lugha kilichoshauriana nayo. Shekhe wa Lamu hakuona kwamba kitabu chake kimeshuka hadhi kwa kufasiriwa.

Na kwetu sisi wa taasisi za lugha ipo kazi iliyo karibu zaidi. Tumezoea kutunga istilahi, kisha kungoja watu wazitumie. Huko kwenye mabenchi ya saruji istilahi zinatungwa kila jioni na watu wanaozihitaji, zikijaribiwa papo hapo na watu watano wenye ubishi, na zisizofaa zikitupwa kabla ya magharibi. Nawaomba wenzangu wachukue daftari waende wakae karibu nao, waombe ruhusa, wasikilize. Mimi nimekwisha kupata maneno mawili, nayo nimeyatoa hapo juu ili wengine wayapime.